Allidina Visram

Allidina Visram (Kera, Kutch, Uhindi, 1851 – 30 Juni 1916) alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Uhindi aliyeeneza maduka kutoka pwani ya Bahari Hindi hadi Uganda na mashariki ya Kongo. Alianza kazi Bagamoyo wakati wa misafara ya wapagazi, akahamia njia ya reli ya Uganda, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa tajiri mashuhuri kuliko wote katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Wengi walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Utajiri wake ndio unaotajwa zaidi, lakini umuhimu wake katika historia uko katika jambo dogo zaidi. Serikali za kikoloni zilipoanza kudai kodi kwa fedha taslimu, mkulima wa kijijini hakuwa na fedha hizo, wala hapakuwa na benki karibu naye. Duka la Allidina, au la mtu aliyepewa bidhaa kwa mkopo na Allidina, ndilo lililokuwa mahali ambapo gunia la ufuta au ngozi ya ng'ombe iligeuka kuwa rupia.

Kufika Bagamoyo

Alizaliwa katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa Uhindi, katika jamii ya Makhoja Waismaili. Kutch ni nchi kame ambayo vijana wake walikuwa wamezoea kuvuka bahari kutafuta riziki, na jahazi zilizosafiri na pepo za kaskazi ziliwafikisha Unguja na Mrima. Allidina alikuja akiwa na umri wa miaka 12 hivi, mnamo 1863, akaanza kazi Bagamoyo.

Bagamoyo wakati huo ulikuwa mlango wa bara. Misafara iliyotoka Tabora na Ujiji ilimalizia safari hapo, nayo mipya ilijipanga hapo na kuondoka. Mtu aliyetawala shughuli hiyo katika miaka ya 1880 na 1890 alikuwa Sewa Haji Paroo, Mwismaili mwenzake na wa rika lake, aliyewapatia wasafiri bidhaa na wapagazi. Huyu ndiye Sewa Haji aliyetoa mali yake kujenga hospitali Dar es Salaam, na jina lake bado liko kwenye jengo la Hospitali ya Muhimbili. Kwake Allidina alijifunza kazi: kupima pembe, kutambua nta safi, kufunga mzigo wa mpagazi usiozidi frasila mbili, na zaidi ya yote kujua ni nani wa kukopeshwa na ni nani wa kunyimwa.

Hatimaye akatuma misafara yake mwenyewe. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina ndiye aliyeendeleza sehemu kubwa ya biashara ya bara. Alikuwa na matawi Dar es Salaam, Saadani, Tabora na Ujiji, na mawakala wake walivuka hadi Kongo. Bidhaa zilizopanda bara zilikuwa merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba na chumvi. Zilizoshuka zilikuwa pembe za ndovu, nta, ngozi na mpira wa mwituni.

Kufuata reli

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Wafanyabiashara wengi wa Bagamoyo waliiona kama habari ya majirani. Allidina aliona kwamba mzigo wa mpagazi hauwezi kushindana na behewa, na kwamba njia kuu ya kuelekea Ziwa Viktoria ilikuwa inahama kutoka Bagamoyo kwenda Mombasa. Akahama nayo. Kadiri reli ilivyosonga mbele alifungua maduka kwenye vituo vyake, na kabla haijafika ziwani alikuwa amekwisha kufungua duka Kampala. Reli ilifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, mnamo Desemba 1901.

Mombasa pakawa makao makuu yake. Kutoka Kisumu bidhaa ziliendelea kwa majahazi yake ziwani, na baadaye kwa chombo chake cha mvuke, hadi Entebbe, Jinja na bandari nyingine. Kutoka huko zilichukuliwa na wapagazi au mikokoteni hadi vituo vya ndani, kuelekea Bunyoro, Mto Naili na mpaka wa Kongo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mtandao wake ulikuwa na zaidi ya maduka 150, pamoja na mashamba, viwanda vya soda na vya kukamua mafuta ya ufuta, na karakana za samani.

Haikuwa lazima kila duka liwe na bwana mkubwa ndani yake. Kwa kawaida karani aliletwa kutoka Kutch au Gujarat, mara nyingi ndugu wa mtu aliyekwisha kufanya kazi kwake. Alipewa chakula, mahali pa kulala na mshahara mdogo. Baada ya miaka kadhaa, akionekana mwaminifu, alipewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka lake mwenyewe siku moja au mbili mbele zaidi. Hivyo Allidina alijitengenezea washindani kwa hiari yake, ila washindani hao walikuwa wadeni wake na wateja wake kwa pamoja.

Duka la kijijini

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye kuta za udongo na paa la nyasi au mabati, na baraza mbele. Nyuma ya pazia alilala mwenye duka na familia yake. Kwenye rafu palikuwa na majora ya merikani, kaniki, chumvi, sabuni, viberiti, sukari na sindano. Chini palisimama debe la mafuta ya taa. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, na mikono minane ni doti. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na mazao ya kuuza nje kwa frasila. Mabishano kuhusu urefu wa mkono wa muuzaji na ujazo wa kibaba chake hayakuwa madogo, kwani kipimo kilikuwa cha mwenye duka na mnunuzi hakuwa na kingine cha kulinganisha.

Kwenye mizani palipokelewa karanga, ufuta, pilipili, nta, samli na ngozi. Mara nyingi mtu alikuja na mazao na kuondoka na kitambaa, fedha isionekane kabisa. Lakini hesabu ilifanywa kwa rupia na kuandikwa katika daftari kwa Kigujarati, lugha ambayo mteja hakuweza kuisoma.

Fedha za nchi zilikuwa mchanganyiko. Buganda na nchi jirani zilitumia simbi, ambazo zilitungwa kwenye kamba na kuhesabiwa kwa mamia. Rupia ya fedha ya Uhindi ilikuwa sarafu ya serikali na ya biashara kubwa. 15 zilifanya pauni moja ya Uingereza. Rupia iligawanywa kwa anna 16, na kila anna kwa paisa nne. Paisa hiyo ndiyo iliyotupatia neno pesa. Mwaka 1905 serikali ya Uingereza iliamua kwamba katika nchi zake za Afrika Mashariki rupia igawanywe kwa senti 100. Sarafu za senti moja na nusu senti zilizotolewa mwaka 1907 na 1908 zilikuwa za alumini, zenye tundu katikati ili ziweze kutungwa kama simbi. Alumini ililiwa upesi na unyevu, ikabidi kutengeneza nyingine za nikeli. Katika mambo haya yote mwenye duka ndiye aliyekuwa mbadilishaji: alijua simbi ngapi zinakwenda kwa rupia leo, na ni yeye aliyeamua.

Kodi ya nyumba

Mkataba wa Buganda uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897, na upande wa Kenya ilianza muda mfupi baada ya 1900. Rupia 3 zinaonekana ndogo katika vitabu, lakini kwa mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwa ameshika rupia hata moja, zilikuwa kama kudaiwa kitu cha nchi nyingine. Aliyeshindwa kulipa Uganda angeweza kutakiwa kufanya kazi ya serikali kwa mwezi mmoja.

Miaka ya mwanzo maofisa walikubali kulipwa kwa mifugo, pembe na mazao. Matokeo yake ni kwamba bohari za serikali zilijaa vitu ambavyo hazikuweza kuvitumia kulipa mishahara. Hapo Allidina aliingia kwa mara ya kwanza katika hesabu za serikali: alinunua mazao yaliyopokelewa kama kodi na kutoa rupia. Baadaye, kodi ilipotakiwa kwa fedha tu, mzunguko uligeuka. Mkulima alipeleka ufuta dukani, akapata rupia, akazipeleka kwa chifu. Chifu akazikabidhi bomani. Boma likazilipa kwa askari na makarani. Nao wakanunua kitambaa katika duka lilelile. Rupia ile ile iliweza kupita mikononi mwa karani wa duka mara kadhaa kwa mwaka mmoja.

Katika mzunguko huo mkulima ndiye aliyekuwa dhaifu. Msimu wa kodi ulipofika wote waliuza kwa mpigo, na bei ya mazao ikashuka. Aliyeshindwa kungoja aliuza ng'ombe au mbuzi kwa bei ya kutupa, au alichukua rupia kwa mkopo na kuahidi mavuno ambayo hayajaiva. Si haki kusema kwamba Allidina alibuni kodi hiyo, wala kwamba alipanga mateso ya mtu. Hata hivyo faida yake ilitoka kwa sehemu katika uharaka wa watu waliohofia kukosa rupia 3. Wakati huohuo, pale ambapo hapakuwa na duka hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kodi ilidaiwa vilevile lakini hapakuwa na wa kununua mazao. Mambo hayo mawili yako pamoja katika historia yake, na anayetaja moja tu amesema nusu.

Benki kabla ya benki

Benki ya kwanza ya kisasa katika eneo hili, National Bank of India, ilifungua ofisi Unguja mwaka 1892, Mombasa 1896, Nairobi 1904 na Entebbe 1906 tu. Kabla ya hapo ofisa wa Uganda aliyetaka kupata mshahara wake, mmisionari aliyengoja fedha kutoka Ulaya, au chifu aliyetaka kulipia baiskeli, wote walitegemea maduka ya Allidina. Serikali ya Uganda ililipa baadhi ya mishahara kupitia kwake. Mtu aliweza kukabidhi fedha Mombasa na kupokea kiasi hicho Kampala, bila sanduku la rupia kubebwa njiani na kuvizwa na majambazi.

Chombo kilichowezesha hayo ni hundi. Neno hili Waswahili wamelipata kutoka Uhindi, ambako hundi ilikuwa karatasi ya mfanyabiashara mmoja kumwagiza mwingine amlipe mtu fulani baada ya siku kadhaa. Karatasi hiyo ilikuwa na thamani kwa sababu moja tu: aliyeipokea aliamini kwamba jina lililoandikwa chini yake litalipa. Jina la Allidina lilipokelewa kutoka Bombay hadi vituo vya mpaka wa Kongo.

Mikopo nayo ilishuka ngazi kwa ngazi. Wenye viwanda na wauzaji wa jumla wa Bombay walimkopesha Allidina; yeye aliwakopesha mawakala wake wa matawi; wao waliwakopesha wenye maduka madogo kwa miezi kadhaa; na mwenye duka dogo aliwakopesha wakulima hadi mavuno. Mvua ikikosekana Busoga, barua ya kuomba kusubiriwa ilifika hadi Bombay. Hapakuwa na rehani kubwa katika mpango huu. Dhamana ilikuwa ujamaa, dini na sifa ya mtu, pamoja na hofu ya kwamba asiyelipa hatapata tena bidhaa kwa yeyote.

Winston Churchill, aliyetembelea Uganda mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba mfanyabiashara Mhindi alikuwa amefika mahali ambapo Mzungu asingeweza kuishi, na kwamba hata walowezi walikuwa wakikopa kwa Mhindi. Wakati huohuo walowezi wa Kenya walikuwa wakidai Wahindi wazuiwe kumiliki ardhi ya nyanda za juu.

Pamba

Mwaka 1903 mbegu za pamba zilizoletwa na Kampuni ya Uganda, iliyokuwa na uhusiano na wamisionari Waanglikana, ziligawiwa kwa machifu wa Buganda na nchi jirani. Mavuno ya kwanza yalikuwa robota 54 tu. Miaka michache baadaye pamba ilikuwa zao kuu la nchi, hasa kwa sababu ilimpatia mkulima rupia za kodi bila kuondoka nyumbani kwenda kutafuta kibarua. Mwaka 1908 gavana Hesketh Bell alitoa amri kali za kulinda ubora: mbegu ziwe za aina moja, na mashine ndogo za mkono za kuchambua pamba ziondolewe vijijini.

Amri hiyo iliwapa nguvu wenye mitaji ya kujenga viwanda. Allidina alikuwa tayari akinunua pamba kupitia maduka yake, na alikuwa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kumiliki kiwanda cha kuchambua pamba Uganda. Wengine walimfuata, na katika miaka iliyofuata vita sehemu kubwa ya uchambuaji wa pamba ilikuwa mikononi mwa Wahindi, wakati Waganda waliolima pamba hiyo walibaki wauzaji wa pamba ghafi. Malalamiko kuhusu mizani na bei za wanunuzi wa pamba yaliendelea Uganda kwa miongo mingi baada ya Allidina kufa.

Katika jumuiya

Katika jumuiya ya Waismaili alipewa cheo cha Varas, ambacho hutolewa na Aga Khan kwa waumini waliotumikia jumuiya. Alitoa misaada pia nje ya dini yake. Alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala, na mfuko wa Msalaba Mwekundu wakati wa vita.

Vita na kifo

Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zilipigana pia Afrika Mashariki. Kwa Allidina hilo lilikuwa jambo la pekee, kwa kuwa biashara yake ilikuwa pande zote mbili za mpaka. Matawi ya Tabora na Ujiji yalibaki ndani ya nchi ya adui wa serikali ya Mombasa. Meli za Bombay zilipungua, wapagazi wakachukuliwa na majeshi kwa maelfu, na wenye maduka madogo wakakosa bidhaa za kuuza ili walipe madeni yao.

Katika hali hiyo, akiwa na umri wa miaka 65 hivi, bado alisafiri mwenyewe kukagua biashara yake ya Kongo. Huko alishikwa na homa, akafariki tarehe 30 Juni 1916. Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji mnamo Septemba mwaka uleule.

Baada yake

Biashara iliachwa kwa mwanawe Abdulrasul. Alirithi maduka, viwanda na vyombo, pamoja na madaftari ya madeni yaliyotawanyika kutoka pwani hadi Kongo. Deni ambalo mtu wa Hoima alikuwa akilipa kwa sababu ya kumheshimu mzee halikuwa rahisi kudaiwa na mwingine. Kisha mambo mawili yakaja kwa pamoja. Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda sana ikilinganishwa na pauni, na serikali ikabadilisha fedha za nchi mara mbili kwa muda mfupi: kwanza florini mwaka 1920, halafu shilingi. Wakati huohuo bei ya pamba na mazao mengine ilianguka ulimwenguni. Aliyekuwa amekopa kabla ya hapo alijikuta akidaiwa zaidi huku akiuza kwa bei ndogo. Katika miaka ya 1920 kampuni ilisambaratika, na maduka mengi yakaendelea mikononi mwa waliokuwa makarani na mawakala wake.

Mikopo ya dukani iliendelea pia. Tanganyika, chini ya Waingereza, ilitunga sheria mwaka 1923 ya kuzuia Waafrika wasidaiwe mahakamani madeni ya biashara bila kibali maalumu. Ililetwa kama kinga kwa mkulima, lakini ilimfungia pia Mwafrika aliyetaka kuanzisha duka lake, kwa sababu hakuna muuzaji wa jumla aliyekuwa tayari kumpa bidhaa kwa njia ileile iliyomtajirisha Allidina na makarani wake.

Abdulrasul alitoa fedha za kujenga shule ya sekondari Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Ilifunguliwa mwaka 1923 na gavana wa Kenya, Robert Coryndon, kwa ajili ya watoto wa Kihindi. Baada ya uhuru ikawa shule ya watoto wote, na bado inaitwa Allidina Visram High School.